Kwa Menashe Basri, Aliyejua Majina ya Mboga Yalikotoka

Menashe, mwaka umezunguka umerudi palepale ulipotuachia. Mvua za mwisho zimekwisha kunyesha hapa Tivon, Pasaka yetu Wayahudi iko mlangoni, na wewe hupo.

Mimi mkeo Drora ndiye ninayeandika. Binti yako Hagit amekaa upande wa pili wa meza, na mwanao Yiftah yuko kwenye simu kutoka ughaibuni, na wote wawili wananikatiza. "Mama, usimfanye mtakatifu," anasema Yiftah. Sitakufanya. Ulikuwa ukiacha chai nusu katika kila kikombe cha nyumba hii. Ulikuwa ukisahihisha sarufi ya watu waliokuja kutupongeza kwa mtoto. Siku ya harusi yetu ulimsahihisha hata rabi, na rabi akakushukuru, jambo ambalo lilikuharibu kabisa.

Wengi watakaosoma haya walikuwa wanafunzi wako wa Kiebrania. Wengine walikuwa wakikusikiliza redioni Ijumaa asubuhi, ulipokuwa ukichukua mboga moja au tunda moja na kutueleza jina lake limetembea wapi mpaka likafika kikapuni. Wanakukumbuka kama mtu wa kuchekesha. Sisi tulijua ucheshi huo ulianzia wapi.

Ulizaliwa Basra, Iraki. Ulipokuwa na miaka minane mliletwa huku, mkapewa hema kwenye kambi ya wahamiaji. Mama yako, marehemu mama Salha, alikutuma dukani, ukasema kwa Kiarabu cha nyumbani, "Nataka khiyar." Matango yalikuwa pale pale, mbele ya macho yako. Mwenye duka akakuambia, "Hapa hatuna khiyar. Hapa tuna melafefon. Ukijua kusema, rudi." Ukarudi hemani mikono mitupu. Mama Salha akavaa kitambaa chake akaenda mwenyewe, akanyoosha kidole, akanunua kwa kidole.

"Drora," uliniambia mara moja tu, "mama yangu alikuwa akilitikisa soko zima la Basra kwa ulimi wake. Siku ile alinunua matango kama bubu."

Miaka ikapita, ukaingia chuo kikuu, na siku moja maktabani ukakuta kwamba neno lenyewe melafefon halikuwa letu. Wahenga wetu waliliazima kwa Wagiriki, na zamani zile halikuwa jina la tango hata kidogo. Lilikuwa jina la tikiti. Ulicheka mpaka mtunza maktaba akakuomba utoke nje. Ukapanda basi moja kwa moja hadi kwa mama Salha, ukamkuta jikoni anakaanga.

"Mama! Hata wao waliazima! Na walipoazima, wakachanganya mboga!"

"Nani tena?"

"Wote! Yule wa duka la kambini, na wenzake!"

Mama Salha akageuza kipande kwenye mafuta, akafikiri. "Wacha wee," akasema. "Kwa hiyo miaka yote ile aliniuzia tikiti?"

Ulisema hujapata kumsikia akicheka vile tangu mtoke Basra. Hapo ndipo ulipoamua kazi ya maisha yako, ingawa hukuwa unajua kwamba umeamua.

Mimi ulinipata kwenye chumba cha walimu. Nilikuwa mwalimu mpya wa hesabu, nimefungua chakula changu, na wewe ukaja ukasimama juu yangu kama mkaguzi.

"Unajua unakula nini?"

"Nyanya," nikasema.

"Agvaniya. Huko Ulaya waliiita tofaa la mapenzi. Waliotutungia jina la Kiebrania wakaenda kuchota kwenye neno la ashiki. Watu wenye heshima zao Yerusalemu waliona haya kulitamka. Mtu anakufa na hamu ya nyanya, lakini hawezi kumwambia muuza mboga."

"Mwalimu Basri, unanitongoza kwa nyanya?"

Ukawa mwekundu kuliko nilichokuwa ninakula. Lakini hukurudi nyuma. "Nimeanza kwa nyanya," ukasema. "Nina mboga nyingi."

Kweli ulikuwa nazo. Ulinipa chungwa, ambalo waliunganisha tofaa na dhahabu wakayabana yakawa neno moja fupi, tapuz. Ulinipa kiazi, tofaa la ardhini. Ulinipa pichi, tunda ambalo jina lake bado linasema limetoka Uajemi, ingawa hakuna anayelisikia. Wasichana wenzangu walikuwa wakiletewa maua. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na mfuko wa matunda na masikio yamejaa.

Mama yangu Fruma hakufurahi. Alikuja nchi hii kutoka Polesia, huko Ulaya ya Mashariki, msichana yatima, peke yake, na matumaini yake yote aliyaweka kwangu. "Nimekulea," akaniambia, "ili ukaolewe na mtu anayekula wali siku ya Pasaka?" Kwa watu wake wali haugusi meza ya Pasaka. Kwa watu wako, Pasaka bila wali si karamu. Mara ya kwanza alipoliona lile bakuli alilitazama kama mtu aliyeona nge. Lakini alinyamaza, kwa ajili yangu.

Kilichovunja nyumba hakikuwa wali. Ilikuwa mboga chungu, ile tunayokula usiku wa Pasaka kukumbuka utumwa wa Misri.

Ilikuwa Pasaka yetu ya pili, Hagit akiwa tumboni. Mama alikuja na mzizi wake mweupe ameufunga kwenye kitambaa. Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwao, anauita khreyn, na Kiebrania chetu cha sasa kinauita khazeret. Ni mzizi mkali unaopanda puani na kuingia machoni. Alikuwa ameukuna nyumbani kwake Haifa, dirisha likiwa wazi. Mezani uliona neno hilo limekukalia mbele kwenye bakuli, na hukuweza kujizuia.

"Mama, samahani," ukasema, "huu mzizi kwa kweli siyo khazeret. Khazeret ya wahenga ni letusi. Wameiandika wazi kabisa, hata hakuna ubishi." Ukachukua jani la letusi, ukamwonyesha. "Unaanza na utamu, unamalizia na uchungu. Kama Misri ilivyotufanyia."

Ulikuwa na furaha tu, Menashe. Hukuwa na ubaya wowote. Lakini hukumtazama Mama. Mimi nilimtazama.

"Kwa hiyo baba yangu," akasema polepole, "alikula kitu kisicho chenyewe?"

"Kwa upande wa lugha, ndiyo, unaweza kusema hivyo, kwa sababu..."

"Baba yangu alitukunia khreyn kwa mkono wake. Sisi watoto wake sita tumemzunguka. Machozi yanamtoka, anacheka, anatuambia, kuleni wanangu, huu ndio uchungu wenyewe. Pasaka ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kiangazi kilipofika Wajerumani waliwachukua wote wakawapeleka msituni wakawapiga risasi. Nimebaki mimi. Na leo wewe unaniambia kwamba alikosea mboga."

Mama akakunja kitambaa chake, akavaa koti, akaondoka, nami nilimfuata hadi kituo cha basi na tumbo langu na hakutaka hata nimshike mkono.

Wiki ile nzima hukula vizuri. Ulizunguka nyumba. "Drora," ukaniambia mwishowe, "lakini nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi," nikakujibu. "Haya. Sasa itakuwaje?"

Mama hakukanyaga kwetu miezi mingi. Hagit alizaliwa, Mama akaja hospitali saa ambayo alijua wewe uko darasani. Barua zako alizirudisha bila kuzifungua. Ndipo baridi ilipokwisha, ukapanda basi hadi Haifa, ukapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, ukagonga.

Hukuwahi kunisimulia yaliyotokea mlangoni pale. Ni Mama aliyenisimulia, na ananisimulia hadi leo, kwa sauti yako na ya kwake.

"Nani?"

"Menashe."

"Sipo."

"Mama, nimekuja kwa ajili ya lile neno."

"Nenda na maneno yako. Mimi si mwanafunzi wako."

Hukuondoka. Ulikaa chini kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango, ukaanza kuzungumza. Ulimwambia kwamba neno lile liliondoka nchi hii likiwa jina la letusi, midomoni mwa watu waliofukuzwa. Likafika kwao Polesia. Pasaka inaingia na theluji bado haijayeyuka. Letusi itoke wapi? Hakuna jani hata moja juu ya ardhi. "Watu wako wangeweza kuliacha, Mama. Wangesema, hatuna hiyo mboga, basi. Neno lingekufa. Badala yake walichimba ardhi iliyoganda wakatafuta kitu cha kulibeba. Baba yako hakukosea. Mimi nina vitabu, na nilisoma letusi nikadhani nimemaliza. Baba yako ndiye aliyelitunza neno likafika kwangu nikaweza kulisoma."

Jirani wa ghorofa ya tatu alifungua mlango, akakutazama, akafunga.

Kisha kitasa kikazunguka. Mama alisimama pale na aproni yake.

"Una njaa?" akakuuliza. "Una sura ya mtu asiyepikiwa na mkewe."

Tangu siku ile Mama alikuwa na mtoto wa kiume. Sikuambii kitu usichokijua. Mlikuwa mkigombana kila Jumamosi kwa raha zenu, yeye kwa Kiyidi, wewe kwa Kiarabu, kila mmoja akidai mboga ya kwao ilifika kwanza. Alipokuwa mgonjwa alitaka dawa kutoka mkononi mwako, si mwangu. Alipohamia kwetu, uzee ulipomzidi, wewe ndiye uliyepaka rangi chumba chake, na ulimwekea kitanda upande wa dirisha ili aone bustani.

Na bustanini, nyuma ya nyumba, karibu na bomba, ulimpandia khreyn. Watu walikuambia joto letu litaua mzizi ule. Uliujengea kivuli kwa mbao za kreti za machungwa, ukaunywesha maji kila jioni ya kiangazi ukiwa umevaa kaptula yako ile ya aibu. Mzizi ukashika. Kila mwaka kabla ya Pasaka ulitoka na jembe, ukachimba, ukamletea Mama mzizi kwa mikono miwili, udongo ukimwagika kwenye sakafu niliyotoka kuifuta. Mezani tulikuwa na vyote viwili, letusi na mzizi. Wewe ulikula mzizi, machozi yakikutoka. Letusi Mama hakuigusa kamwe. "Hiyo ni ya sungura na maprofesa," alikuwa akisema.

Hagit ananikumbusha niseme kuhusu wanafunzi. Basi niseme. Mtoto yeyote mhamiaji aliyeingia darasani kwako, awe wa Urusi au wa Ethiopia, siku ya kwanza hukumfundisha neno. Ulimuuliza, "Kwenu kitunguu mnakiitaje?" Ukaliandika jibu lake ubaoni, kubwa, na ukaliambia darasa zima lijifunze kulitamka. Mmoja wao, sasa ni daktari, alikuja matangani kwako akasimama mlangoni akashindwa kuingia. Aliniambia tu, "Alikuwa wa kwanza nchi hii kuniuliza kitu." Kisha akaondoka.

Matanga yenyewe hayakuwa matanga.

Ilikuwa siku moja kabla ya mkesha wa Pasaka. Ulikunywa nusu ya chai. Ulisema, "Naenda kumchimbia Fruma." Mimi nilikuwa na samaki mikononi. Nilisikia jembe mara kadhaa, kisha nikasikia bomba. Ulikuwa na kawaida ya kuosha mzizi pale pale nje. Maji yakaendelea kumwagika. Nikapaza sauti kutoka dirishani, "Menashe, maji!" Nilikasirika, unajua ninavyokasirika na maji. Nikatoka nje na hasira yangu.

Ulikuwa umepiga magoti, paji la uso limeegemea ukuta, kama mtu anayesikiliza kitu upande wa pili. Mkono wako ulikuwa bado wa joto. Nilifunga bomba kwanza. Hadi leo sijui kwa nini nilifunga bomba kwanza.

Madaktari walisema moyo ulisimama ghafla, kwamba hukuumia. Watu wananiambia hivyo kama zawadi. Naipokea, nawashukuru, lakini sijui niiweke wapi.

Mama alikuwa ameona kutoka dirishani kwake. Alikuona ukichimba, akakuona ukiinama, na hakuweza kutoka kitandani. Nilipoingia chumbani alikuwa amejishikilia kwenye kingo za dirisha, mwanamke wa miaka tisini na kitu.

"Letusi," akasema.

Nilidhani akili imempotea.

"Ningekula letusi, Drora. Angeniambia. Ningekula letusi zake miaka yote hii, kwani ningekufa? Kwa nini hakuniambia kwamba amechoka?"

Nikamkumbatia. Nikamwambia hukuwa umechoka, kwamba ulipenda kumchimbia. Ni kweli, na haikumsaidia kitu.

Tulikuzika kesho yake asubuhi. Ndege ya Yiftah ilitua udongo ukiwa umekwisha kukufunika. Jua lilipozama Pasaka ikaingia, na kwa sheria yetu sikukuu inapoingia matanga yanavunjika. Wenzetu hukaa chini siku saba, majirani wanaleta mayai na dengu, wafiwa wanalia watakavyo. Sisi tulipata nusu siku. Jioni tulitandika kitambaa cheupe, tukakaa mezani, tukaamriwa kufurahi.

Hagit aliukuna mzizi ule uliouchimba. Alikataa nimsaidie. Aliukuna wote, mzizi mzima, na ulipokwisha aliendelea kusugua kikunio kitupu mpaka Yiftah akamshika mikono. Tukaula. Mzizi ule ulitupa ruhusa, Menashe. Kila mmoja alilia na hakuna aliyelazimika kusema ni kwa nini.

Mama hakuula. Alinyoosha mkono akachukua jani la letusi. Alilitafuna muda mrefu, sisi wote tunamtazama.

"Ni tamu," akasema, kama mtu anayelalamika. Akaendelea kutafuna. Kisha uso wake ukakunjamana, akaweka kiganja mdomoni.

Mwaka huu umekuwa mrefu. Redioni wameweka muziki kwenye saa yako. Ni muziki mzuri, na ninauzima. Sokoni napita haraka, kwa sababu wauzaji wananipunguzia bei na hilo linanimaliza nguvu. Yiftah alinunua kitabu cha maneno ili amjibu mwanawe aliyemuuliza kwa nini kitunguu saumu kinaitwa shum. Alipiga simu akiwa katikati ya ukurasa. "Mama, jibu liko hapa," akasema. "Limeandikwa. Lakini halisemi kama yeye."

Kivuli cha mbao bado kimesimama. Mzizi umechipua wenyewe, hakuna aliyeugusa. Sijui kama mwaka huu tutauchimba. Hagit anasema tuuchimbe.

Juzi tulikwenda makaburini, mimi na Hagit, na Mama kwenye kiti chake cha magurudumu. Tuliweka mawe yetu madogo juu yako kama desturi. Pale ukingoni, kati ya jiwe na udongo, tulikuta mmea umeota wenyewe. Ni mdogo, majani yake yana manyoya, na una ua moja la buluu lisilozidi ukucha.

"Unaitwaje huo?" akauliza Mama.

Hagit akanitazama. Mimi nikatazama jiwe. Hagit akatoa simu, akainama aupige picha, aipe hiyo programu inayotaja mimea.

"Weka hiyo simu," Mama akamwambia. "Kwani nimeiuliza simu?"

Tukasimama. Upepo ulikuwa unatoka upande wa bonde. Nikagundua kwamba nilikuwa nasubiri, Menashe, nasubiri kweli kweli, ukohoe kidogo kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya kuanza, useme, "Aa, huu. Huu una hadithi." Nilijua Mama naye anasubiri, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sikio lake linalosikia.

Hakuna aliyetuambia. Tulikaa pale mpaka baridi ikaanza, kisha tukauacha ulivyo na kurudi nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo Drora; mama mkwe wako Fruma, anayekuita mwanangu; watoto wako Hagit na Yiftah pamoja na wenzi wao; wajukuu zako; dada yako Marsel na ukoo wote wa Basri; na wanafunzi wako wote, popote walipo, kwa lugha zao zote.

Tunakukumbuka leo, na kesho, na siku zote zitakazotubakia.